Picha ya Siku Isiyo na Sherehe

Mzee anapofariki huku kwetu Nyansiongo, eneo la Borabu katika nchi ya Wagusii, jamaa wa Nairobi na Mombasa wakishapigiwa simu, kazi inayofuata ni kutafuta picha. Inahitajika picha ya bango la langoni, picha ya jalada la kijitabu cha ratiba ya mazishi, picha ya fulana za wajukuu. Masanduku hufunguliwa, simu hupekuliwa, binamu aliye ng'ambo huulizwa kama aliwahi kutumiwa chochote. Mara nyingi kinachopatikana ni kile kipicha cha kitambulisho: uso umekazwa, macho yamekodolewa, nyuma hakuna kitu. Fundi wa kompyuta hukikuza hadi mikunjo ya uso ipotee, humvisha marehemu suti ambayo hakuwahi kuwa nayo, kisha humsimamisha mbele ya bustani ya nchi asiyowahi kufika. Wajukuu watakaozaliwa baadaye wataonyeshwa picha hiyo na kuambiwa, huyu ndiye babu yenu.

Fundi hana kosa. Alifanya alichoweza na kile alicholetewa, tena kwa haraka ya msiba. Linaloniuma ni kwamba mtu huyo aliishi hadi uzeeni katika boma lililojaa watu, akakama ng'ombe alfajiri, akachuma chai, akanoa panga kwenye jiwe lile lile, akaketi chini ya mparachichi jioni akisikiliza redio, na miaka hiyo yote hakuna aliyeona kwamba hayo ni mambo ya kupigwa picha. Tulikuwa tunangoja siku atakayovaa vizuri.

Kwa nyanya zetu hali ilikuwa mbaya zaidi. Wanawake wa Kenya hawakuandikishwa kwa vitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kabla ya hapo kipande kilikuwa cha wanaume. Kwa hiyo wapo akina mama wazee katika vilima hivi ambao picha yao ya kwanza maishani ilipigwa kwa amri ya serikali, wakiwa tayari na wajukuu, na iliyofuata ilipigwa siku ya hafla ya kanisa. Mwanamke aliyelea watoto tisa hana hata picha moja akiwa na mtoto mgongoni.

Natetea basi mtu ambaye katika vijiji vyetu huonekana kama anayechezea muda: mpiga picha wa ridhaa, asiyelipwa na mtu, mwenye kamera ya mtumba au simu tu, anayewapiga watu wa kwao wakifanya kazi za kila siku, na akimaliza hapo anashuka bondeni kupiga mto, miti na ndege. Mimi ni mmoja wao, na nimeshaulizwa mara nyingi na majirani picha hizo ni za nini, kwani kuna sherehe gani. Swali hilo ni la haki, na nataka kulijibu sawasawa.

Watu wa Afrika Mashariki wanazipenda picha tangu zamani, ila wamezipenda kama vazi la sikukuu. Mombasa, wateja waliingia studio ya N. V. Parekh wakiwa wamependeza kuliko siku nyingine yoyote. Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi hiyo mwenyewe na kuifanya hadi karibu na kifo chake mwaka 1993, alizikata sura za wateja na kuzipachika kwenye maua na mandhari za kubuni. Karibu na kivuko cha Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha ambao wengi wao walitoka bara walisimamisha vibanda vyenye mapazia ya kuchora, na kijana aliyekwenda pwani kutafuta kazi aliweza kupigwa akiwa mbele ya meli au ndege, kisha picha ikatumwa kwao kwa barua. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend ameiandikia sanaa hiyo kitabu kizima, nayo inastahili. Studio ilimpa mtu nafasi ya kuonyesha anachotamani kuwa. Lakini hapakuwa na pazia hata moja lililochorwa jiko la mama.

Huku kwetu mpiga picha alikuja kwa miguu au kwa baiskeli, siku ya ubatizo, siku ya mahafali, siku ya Krismasi. Filamu ilikuwa na picha 36, kila moja ililipiwa, na hadi filamu iishe, ipelekwe Kisii mjini kusafishwa na picha zirudi, wiki zilikuwa zimepita. Nani angetumia picha moja kati ya hizo 36 kwa mtoto anayeogeshwa kwenye karai? Gharama ndiyo iliyotuamulia lipi ni la maana na lipi si la maana. Siku hizi gharama hiyo imeondoka, kila boma lina simu yenye kamera, lakini uamuzi ule umebaki palepale. Bado tunangoja keki ikatwe.

Kwingineko mambo yalibadilika mapema. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ndogo iliyoitwa Brownie kwa dola moja ya Marekani, na familia za kawaida za huko zikaanza kujipiga picha zenyewe. Huko Ufaransa, Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894, alipewa kamera na baba yake angali mtoto, akaanza kuwapiga kaka yake, binamu zake na watu wa nyumbani wakiruka ngazi, wakiogelea, wakijaribu magari ya kujiundia. Alikuwa karibu na umri wa miaka 70 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York ilipozionyesha picha zake mwaka 1963, na dunia ikashangaa kwamba kitu kizuri hivyo kilikuwa kimelala katika albamu za nyumbani. Lakini Lartigue alikuwa mtoto wa tajiri. Mfano unaonigusa zaidi uko ng'ambo ya ziwa letu.

Musa Katuramu wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, alikuwa seremala na mwalimu. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 alipiga picha za watu aliowajua: jamaa, walimu wenzake, majirani, watoto waliosimama uani, watu walio mbele ya nyumba zao wenyewe na chini ya miti yao wenyewe. Hakuwa mtumishi wa gazeti wala wa serikali ya kikoloni. Alipofariki, negativu zilibaki kwa mwanawe, ambaye alizitunza. Mradi wa kukusanya picha za kale za Uganda ulioanzishwa mwaka 2011 na Mholanzi Andrea Stultiens pamoja na Mganda Rumanzi Canon ndio uliozileta mbele ya macho ya watu, na baadaye zikachapishwa kitabuni. Leo mtu anayetaka kujua watu wa Ankole walisimamaje, walivaaje siku za kazi, walishikana mikono vipi walipokuwa miongoni mwao bila mkoloni kuwatazama, anakwenda kwa seremala huyu. Nawaza ni maseremala wangapi wa namna hiyo waliishi Gusii na negativu zao zikatumika kuwashia moto.

Wageni, kwa upande wao, waliiona siku yetu ya kawaida kuwa na thamani kubwa. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1957 wanataaluma wawili Wamarekani, Robert na Barbara LeVine, waliishi miongoni mwa Wagusii wakichunguza jinsi watoto wanavyolelewa. Jamii waliyoichunguza waliiita Nyansongo, na kitabu chao kilitoka mwaka 1966. Ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa uliolinganisha malezi katika jamii sita duniani: hii ya Gusii, nyingine za Okinawa, India, Ufilipino, Mexico na Marekani kwenyewe. Watafiti waliandika nani alimbeba mtoto, nani alimpa chakula, nani aliitwa kuchota maji, mtoto alipolia nani alikuja. Kitabu kingine cha utafiti huo, cha mwaka 1975, kilichambua mienendo ya watoto 134 wa jamii hizo sita. Hadi leo wanafunzi wa saikolojia katika vyuo vikuu vya mbali wanasoma kuhusu omoreri, yule mtoto wa kike mwenye umri wa miaka sita au saba anayekabidhiwa mdogo wake amlee wakati mama yuko shambani.

Na omoreri hajaondoka. Ukipita Nyansiongo wakati wa likizo utamwona, leso imefungwa imara kifuani, kichwa cha mtoto kinachezacheza nyuma ya bega lake, yeye akiruka kamba na wenzake kana kwamba hajabeba kitu. Niambie ni albamu gani ya familia huku kwetu yenye picha hiyo. Wageni wamelijaza jambo hili katika vitabu vyao. Sisi tuliolelewa migongoni mwa dada zetu hatuna hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha mtoto wetu.

LeVine na wenzake walirudi Gusii miaka ya 1970, na kitabu chao cha mwaka 1994 kina jambo moja ambalo kila mwenye kamera huku angefaa kulijua. Waliona kwamba mama wa Kigusii humbeba mtoto muda mwingi na humtuliza haraka anapolia, lakini hamkodolei macho wala kumzungumzisha sana kama wafanyavyo akina mama wa Marekani. Mapenzi yake yako mkononi na mgongoni zaidi kuliko machoni. Nilipolisoma hilo nilielewa kwa nini picha nyingi za mama na mtoto zinazopigwa huku huonekana za kuigiza. Mpiga picha ameona matangazo ya maziwa ya unga na ya nepi, ambamo mama anamtazama mtoto usoni na kucheka, basi anamwamuru mama wa Nyansiongo afanye hivyo. Mama anatii, mtoto anashangaa, picha inatoka haina ukweli. Mwache mama huyo huyo achambue mboga, mtoto akiwa amelala kwenye paja lake, mkono mmoja ukirudi mara kwa mara kumpangusa bila yeye kuangalia. Subiri mkono huo. Hapo ndipo picha ilipo, na asiyeujua ule mkono tangu utotoni hawezi kuusubiri.

Hiyo ndiyo sababu sikubali tunapoambiwa kwamba picha nzuri za Kenya zimeshapigwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi, aliitikisa dunia mwaka 1984 kwa picha za njaa ya Ethiopia, na hakuna Mkenya asiyepaswa kujivunia kazi yake. Lakini mwandishi wa habari huja palipo na habari, na habari za kwetu zilizopata picha nyingi zimekuwa za uchungu. Wazee walioteketezwa kwa tuhuma za uchawi katika Kisii mwaka 2008, akina mama wakongwe waliouawa Marani mwaka 2021: ukitafuta picha za Gusii utakutana na hizo, majivu na mapaa yaliyoanguka. Yalitokea na ilikuwa lazima yapigwe picha. Ila mtu aliye mbali, ambaye hajaona kitu kingine, atadhani hiyo ndiyo siku yetu ya kila siku. Nyanya anayeketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi huku mjukuu akimsukia nywele hajawahi kuwa habari, naye ndiye anayepatikana katika kila boma.

Mwaka huo huo wa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, nyumba zilichomwa kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, hasa upande wa Chepilat. Watu walihesabu ng'ombe, mabati, magunia ya mahindi, hati za mashamba na vyeti vya shule. Baada ya muda mabati yalinunuliwa mengine na vyeti vikaombwa upya. Albamu haikuombwa popote. Nimezungumza na mama mmoja aliyepoteza nyumba wakati huo, na katika yote aliyoyataja alirudi mara mbili kwenye picha ya mwanawe wa kwanza, aliyekufa mdogo, ambayo ilikuwa moja tu na ilikuwa ndani ya Biblia. Upande wa pili wa mpaka, kwa majirani zetu Wakipsigis, wapo akina mama wenye hadithi kama hiyo.

Sasa niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu vijana huniuliza wanunue kamera gani, na mimi huwajibu kwamba waanze na kujua mwanga wa kwao. Huku asubuhi huwa angavu na baridi, umande uko kwenye majani ya chai, na wachumaji wameshafunga aproni za plastiki viunoni ili wasilowe. Kufikia alasiri mawingu yamepanda na mvua inakuja, mara nyingine ya mawe, ile inayotoboa majani ya chai na kumtia mkulima huzuni kwa wiki nzima. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kutua upesi. Ule mwanga laini wa pembeni wanaoutamani wapiga picha ni wa muda mfupi, ukichelewa kumaliza chai yako umeukosa. Saa sita mchana macho ya watu hugeuka mashimo meusi. Wakati huo afadhali uingie ndani.

Na ndani ndipo penye ugumu na utamu. Jiko la kuni huku kwetu lina mlango mmoja na pengine kidirisha. Fikiria mama ameketi karibu na mafiga akichambua mboga ya chinsaga, anavuta majani kutoka kwenye kikonyo kwa vidole viwili na kuyatupia kwenye ungo, moshi unapanda taratibu na kukatwa na mwanga wa mlangoni. Ukielekeza simu huko ovyo, inapima mwanga wa mlango, na mama anatoka kama kivuli tu. Lazima uguse uso wake kwenye kioo cha simu, kamera ipime ngozi yake na si mlango. Mlango utageuka mweupe mtupu, uache ugeuke. Uso unaanza kutokea, kisha vidole, kisha masizi kwenye sufuria, kisha mtoto uliyekuwa humwoni kabisa, amelala juu ya gunia nyuma ya mama.

Ugumu huo hautokani na jiko peke yake. Kwa miongo mingi filamu za rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kodak ilizipelekea maabara kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi wakaziita kadi hizo Shirley, jina la mwanamke aliyepigwa ya kwanza. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth ameonyesha kwamba malalamiko yaliyosukuma filamu iboreshwe kwa rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Ndiyo maana katika picha za zamani za harusi bi harusi anaonekana gauni na meno. Siku hizi kampuni zimejirekebisha. Tecno imeuza simu Afrika kwa kujinadi kwamba kamera zake zinaijua ngozi nyeusi, na Google ilitoa mfumo wake wa namna hiyo mwaka 2021. Hata hivyo mashine haijui kwamba shangazi yako ni mweusi wa kung'aa na mjomba ana wekundu. Wewe unajua, nawe ndiwe utakayeirekebisha picha hadi awe yeye.

Ukitoka jikoni, shuka bondeni. Wapo wanaodhani picha za maumbile ni za Maasai Mara, simba na nyumbu wakivuka mto, na kwamba Nyansiongo haina la kupigwa. Borabu ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza kuyagawa kwa wananchi. Wazee waliopata viwanja wakati huo walipata ardhi kubwa kuliko ndugu zao wa Gusii ya zamani, yenye malisho, yenye chemchemi, yenye mabonde ya matete. Watoto wao wamegawana, wajukuu wanagawana tena. Malisho yamekuwa chai, chai imefika hadi kwenye ukingo wa bonde, na ndani ya bonde imepandwa mikaratusi, kwa sababu inakua haraka na nguzo na kuni zake zina soko. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito. Nenda ukaangalie leo.

Ubishi kuhusu mikaratusi huku haumaliziki kwa sababu kila mtu anasema kwa kumbukumbu yake. Mzee anasema kijito hiki kilifika kiunoni. Kijana anasema mzee anatia chumvi. Hapo ndipo mpiga picha wa ridhaa ana kazi ambayo hakuna afisa wa kaunti atakayemfanyia. Achague mahali pamoja, kwenye daraja au kwenye jiwe lisiloondoka, apige kuelekea upande ule ule, kiangazi na masika, mwaka baada ya mwaka, na aandike tarehe. Wala haihitaji usanii. Ni kazi ya uvumilivu, na baada ya miaka kumi atakuwa na ushahidi ambao baraza la chifu halitaweza kuupuuza.

Na korongo-taji. Nawapenda ndege hawa kuliko wote wa huku, nami huenda kuwatafuta hata pale ninapojua hawapo. Hutembea wawili wawili katika malisho yenye majimaji, karibu na ng'ombe, wakikanyagakanyaga nyasi ili wadudu watoke. Ukiwaona kwa karibu, lile taji la dhahabu si manyoya laini, ni manyoya magumu kama nywele yaliyosimama, na upepo ukija yote hulala upande mmoja. Hujenga kiota chini, katikati ya matete, kwa hiyo bonde likikaushwa wanakosa pa kutagia. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwatia kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Waganda wamewaweka kwenye bendera yao. Sisi tunawafukuza kwenye mahindi. Mtoto wa Borabu anayepiga picha ya korongo wawili kwa simu, hata kama ni vidoa viwili vya mbali, akaandika mahali na siku na kuituma kwa wale wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ambao tangu mwaka 2013 wanapokea taarifa za watu wa kawaida, amefanya jambo la kisayansi.

Kuna pingamizi ninalolisikia sana na ninaliheshimu. Wazee wengine hawataki watoto wachanga wapigwe picha, wakiogopa jicho la husuda. Akina mama hawataki kupigwa wakiwa na nguo za shambani. Sheria nayo imeingia: tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtoto haichapishwi bila idhini ya mzazi, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kufanya hivyo. Nasema sheria hiyo ni nzuri. Picha ya nyumbani si lazima iende mtandaoni. Tumezoea kudhani kwamba picha isiyopostiwa haikupigwa, na ndiyo maana tunaogopana. Picha ya nyanya akiwa na gauni la shambani lililopasuka kwapani ni ya wanawe na wajukuu wake, na akishahakikishiwa hivyo, kwa kawaida hukubali. Mama mmoja jirani alinikatalia kwa muda mrefu. Nilipomletea picha ya mikono yake peke yake, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, aliitazama sana, kisha akasema niipige na sura.

Ninachokilalamikia kwa uchungu zaidi ni jinsi tunavyozitunza. Picha iliyo ndani ya simu iko karibu sana na kupotea: simu inaangukia shimoni chooni, inaibwa sokoni Keroka, kioo kinakufa, mtu anafuta ili apate nafasi ya kupakua video. Ukiituma kwa WhatsApp inabanwa hadi ikija kukuzwa inakuwa vigae. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2012, baada ya kamera za dijitali kuiua biashara ya filamu, na hapo ndipo familia nyingi zilipoacha kuchapisha picha kwenye karatasi. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa Nyansiongo mwaka 1985 pengine ana picha tano za utotoni zilizo salama kabatini, na aliyezaliwa mwaka 2015 alipigwa mamia ya picha na hana hata moja. Chapisha. Usichapishe zote, chapisha chache kila mwaka, pale pale mjini kwenye duka la kutoa nakala.

Kaunti za Kisii na Nyamira zina idara za utamaduni, na kila mwaka zinatenga fedha za ngoma na maonyesho. Sioni kwa nini maktaba zao zisipewe mashine ya kunakili picha, ili mwananchi alete albamu yake, inakiliwe bure, arudi nayo nyumbani siku hiyo hiyo, na nakala ibaki na jina la familia. Shule nazo zina somo la sanaa bunifu katika mtaala wa umilisi. Mwalimu anayewatuma watoto wachore kikombe anaweza kuwatuma wapige picha ya nyanya akisonga obokima, yaani ugali, na waandike chini yake jina lake kamili, kijiji alichozaliwa, na mwaka alioolewa.

Jina ndilo linalosahaulika kwanza. Nimeshika picha za miaka ya 1970 zenye watu saba wamesimama mbele ya nyumba ya nyasi, na mwenye nyumba akanitajia wanne. Hao watatu walikuwa jamaa au marafiki wa karibu vya kutosha kuitwa waje wasimame, na aliyewajua amezikwa. Desemba hii jamaa watarudi kutoka Nairobi, Nakuru, Eldoret na Marekani, na mabasi yatajaa hadi Kijauri. Kabla nyama haijaiva, toeni picha zote za kabatini mziweke mezani, mwiteni omogaka na magokoro, yaani babu na nyanya, muwaulize huyu nani, na huyu, na huyu aliye pembeni. Andikeni nyuma ya kila picha kwa penseli laini, polepole, kwa sababu kalamu ya wino hupenya upande wa pili ikaharibu sura. Zile za simu zipewe tarehe na majina usiku huo huo, kabla watu hawajaondoka.